Kiapo cha Ulimi na Kiapo cha Moyo

Mwaka 1892 Francis Bellamy, mchungaji wa Kibaptisti, alitunga kiapo cha utii kwa bendera ya Marekani. Baadaye majimbo kadhaa yakawalazimisha wanafunzi kukikariri. Watoto wa Mashahidi wa Yehova waliokataa wakafukuzwa shule. Mwaka 1940 Mahakama ya Juu iliridhia shuruti hiyo kwa hoja ya umoja wa taifa. Tarehe 14 Juni 1943, vita vikiwa vimepamba moto, mahakama hiyohiyo ikaitangua hukumu yake: serikali haina mamlaka ya kumtamkisha raia imani asiyokuwa nayo. Na ndivyo ilivyo. Kiapo huwa na uzito pale mwapaji anapokuwa huru kunyamaza. Taifa linaloshurutisha ndimi huvuna sauti. Nyoyo hubaki zilipokuwa.