Adhabu ya Kocha Mkorofi

Kadi za njano na nyekundu, zilizoanza kutumika katika Kombe la Dunia la Mexico mwaka 1970, kwa miaka mingi ziliwahusu wachezaji tu, na kocha aliyevunja adabu kandoni mwa uwanja alitolewa kwa kauli ya mwamuzi, hukumu kamili ikingoja baraza la nidhamu. Ndivyo Alan Pardew, kocha wa Newcastle aliyemgonga kwa kichwa mchezaji David Meyler wa Hull mwaka 2014, alivyofungiwa mechi 7 na kutozwa faini ya pauni 60,000. Mwaka 2019 sheria ikaruhusu kadi kwa makocha pia, na ikaamuru kwamba mkosaji wa benchi asipotambulikana, kocha mkuu aliyepo ndiye atakayebeba dhamana.