Usingizi wa dawa katika upasuaji wa makengeza kwa watoto

Upasuaji wa makengeza hurekebisha misuli inayoligeuza jicho, ili macho yote mawili yaelekee mahali pamoja. Kila jicho lina misuli sita ya aina hiyo, minne iliyonyooka na miwili ya mshazari. Daktari huukaza mmoja kwa kuufupisha, au huulegeza mwingine kwa kulisogeza nyuma pachiko lake. Mtu mzima mtulivu anaweza kufanyiwa kwa ganzi ya jicho peke yake. Mtoto hawezi kutulia hivyo, kwa hiyo hupewa dawa ya usingizi wa mwili mzima, ambayo wengi huiita nusukaputi. Operesheni yenyewe haiingii ndani ya jicho, damu inayopotea ni kidogo, na watoto wengi hurudi nyumbani siku hiyohiyo. Hata hivyo mtaalamu wa usingizi huiendea kwa tahadhari, kwa sababu mbili: moyo unaweza kupunguza mapigo ghafla msuli unapovutwa, na baada ya kuamka mtoto huelekea kutapika kuliko baada ya operesheni nyingi nyingine. Mbinu za usingizi hupimwa hasa kwa mambo haya mawili, na ugumu wa uchaguzi ni kwamba dawa inayopunguza moja mara nyingi huliongeza la pili.

Kushuka kwa mapigo ni refleksi iliyoelezwa mwaka 1908 na Bernard Aschner na Giuseppe Dagnini, kila mmoja kivyake. Msuli wa jicho ukivutwa, ujumbe husafiri kwa neva ya tano ya kichwa hadi kwenye shina la ubongo, kisha amri hushuka kwa neva ya vagasi na kuupunguza mwendo wa moyo. Wengi huhesabu kuwa refleksi imetokea mapigo yakishuka kwa asilimia 20 au zaidi. Mara chache moyo husimama kwa sekunde kadhaa. Watoto huathirika zaidi kuliko watu wazima kwa kuwa vagasi yao ina nguvu, na moyo mdogo hutegemea sana wingi wa mapigo ili kusukuma damu ya kutosha. Usingizi mwepesi, upungufu wa oksijeni na mlundikano wa kaboni dioksidi huikoleza hali hiyo. Tiba ya kwanza si dawa: mpasuaji huambiwa auachie msuli, na kwa kawaida mapigo hurejea mara moja. Yasiporejea, hudungwa atropini kwenye mshipa, maikrogramu 20 kwa kila kilo ya uzito. Wako wanaoitoa mapema, kabla ya msuli kuguswa. Wengine huivuta tayari kwenye bomba la sindano na kungoja. Vyovyote iwavyo, msuli ukivutwa polepole refleksi huwa hafifu, hivyo mkono mpole wa mpasuaji unastahili kuhesabiwa kuwa sehemu ya mbinu ya usingizi.

Njia iliyozoeleka zaidi ni gesi ya kuvuta. Halotheni, iliyoanza kutumika mwaka 1956, ililaza watoto duniani kote kwa miongo kadhaa, na katika hospitali nyingi za Afrika Mashariki ndiyo iliyokuwa tegemeo. Harufu yake si kali na mtoto huivuta bila kukohoa sana, lakini hupunguza nguvu na mapigo ya moyo, na huufanya moyo uwe rahisi kupoteza mpangilio wa mapigo, mambo yasiyofaa pale ambapo vagasi inachokozwa. Sevoflureni imechukua nafasi yake palipo na uwezo wa kuinunua: humlaza mtoto kwa barakoa ndani ya muda mfupi, haiuelemei moyo kiasi hicho, na huisha mwilini upesi. Uharaka huo una gharama yake. Baadhi ya watoto, hasa wa umri wa kabla ya shule, huzinduka wakilia, wakijirusha na kutomtambua mzazi, na hali hiyo huweza kudumu dakika kadhaa. Kwa mtoto aliyefumbwa au kuvimba jicho, mahangaiko hayo humtia hofu zaidi na kumfanya alisugue jicho lililotoka kushonwa. Dozi ndogo ya propofoli, dawa ya usingizi ya kwenye mshipa, mwishoni mwa operesheni, au ya dawa ya kutuliza deksmedetomidini, huyapunguza.

Mbinu ya pili huacha gesi kabisa na kumlaza mtoto kwa propofoli inayotiririka kwenye mshipa kwa pampu. Faida yake inajulikana: kutapika hupungua na kuamka huwa kwa utulivu. Lakini Martin Tramèr na wenzake waliokuwa Oxford walipokusanya majaribio ya watoto wa makengeza katika miaka ya 1990, walionyesha upande wa pili: waliopewa propofoli walipata kushuka kwa mapigo mara nyingi zaidi. Kuongeza remifentanili, dawa ya maumivu inayoisha upesi, huikoleza refleksi hiyo zaidi. Kwa hiyo anayechagua propofoli anapaswa kuwa na atropini mkononi. Tena mbinu hii hudai mshipa upatikane mtoto akiwa macho, pamoja na pampu na umeme wa uhakika. Na propofoli huchoma inapoingia kwenye mshipa mdogo, ndiyo maana huchanganywa na dawa ya ganzi, lidokeini.

Ketamini hukaa peke yake. Huyaongeza mapigo ya moyo badala ya kuyapunguza, na refleksi huwa hafifu zaidi kuliko kwa gesi au propofoli. Huacha pumzi ikiendelea na haihitaji mashine, sifa zilizoifanya kuwa mwokozi wa hospitali za wilaya. Katika makengeza, hata hivyo, ina kasoro nzito: macho huchezacheza, misuli hukaza, na mpasuaji hushindwa kusoma jicho linaelekea wapi, jambo ambalo ndilo msingi wa kazi yake. Huongeza mate na kutapika, na wengine huamka na maruweruwe. Pasipo na dawa nyingine inafaa. Palipo na chaguo, nafasi yake bora ni dozi ndogo ya kusaidia.

Suksamethoniamu, dawa ya kulegeza misuli, huepukwa. Huikaza misuli ya jicho kwa dakika kadhaa hata baada ya mwili kulegea, na kipimo cha mpasuaji cha kulivuta jicho ili kuona kama msuli umeganda hutoa jibu la uongo. Pia huweza kuwasha homa kali ya kurithi ya misuli, iliyoelezwa na Michael Denborough na Richard Lovell huko Melbourne mwaka 1960, inayotibiwa kwa dantrolini. Gesi zote zilizotajwa huweza kuiwasha vilevile, propofoli haiiwashi. Kwa hiyo historia ya familia huulizwa kwa makini.

Kuhusu kutapika, Leopold Eberhart na wenzake walichapisha mwaka 2004 kipimo chenye mambo manne: operesheni ya dakika 30 au zaidi, umri wa miaka 3 au zaidi, historia ya kutapika kwa mtoto au jamaa wa karibu, na makengeza yenyewe. Mtoto mwenye yote manne alikadiriwa kuwa na uwezekano wa asilimia 70 hivi. Malumbano kati ya wapenzi wa gesi na wapenzi wa propofoli huificha hoja muhimu kwa mtoto: kinga iliyochanganywa huleta tofauti kubwa bila kujali dawa kuu ni ipi. Kinga hiyo ni deksamethasoni baada ya kulala na ondansetroni mwishoni, parasetamoli na diklofenaki badala ya mofini, maji ya kutosha kwenye mshipa, na ganzi inayowekwa chini ya utando wa Tenon unaolizunguka jicho. Ganzi hiyo inastahili kutumika zaidi kuliko ilivyo sasa, kwani hupunguza maumivu, kutapika na refleksi kwa pamoja, na gharama yake ni ndogo. Baada ya kuamka, mtoto hupewa maji akiyaomba mwenyewe. Kumlazimisha anywe kabla ya kuruhusiwa kwenda nyumbani huongeza kutapika.