Kumpima Daktari Kabla Hajamgusa Mgonjwa

Mwaka 1759 Mfalme Louis XV wa Ufaransa alimpa mkunga Angélique du Coudray kibali cha kuzunguka nchi nzima akifundisha ukunga. Alibeba sanamu aliyoibuni mwenyewe, nyonga ya mama na kitoto cha kitambaa ndani yake, na wanawake wa vijijini wakajifunza kumgeuza mtoto aliyekaa vibaya bila kuhatarisha uhai wa mtu. Alizunguka zaidi ya miaka 20. Ninachomheshimia hasa ni hiki: alifundisha pia madaktari wa upasuaji wa mikoani, ili sanamu ibaki na mwalimu wake hata yeye akiondoka.

Karne mbili baadaye mbinu hiyo ikageuka kipimo. Mwaka 1963 daktari Howard Barrows, huko Los Angeles, alimfundisha mtu mzima wa afya kuigiza mgonjwa. Mwaka 1975 Ronald Harden wa Dundee, Scotland, akaeleza mtihani wa vituo: kengele inalia, mtahiniwa anahamia kituo kingine, na wote wanakutana na majukumu yaleyale. Bahati ya kumpata mtahini mpole ikapungua.

Kanada iliufanya mtihani huo sharti la leseni mwaka 1992. Marekani ilifuata mwaka 2004, ikiwa na vituo vya kufanyia mtihani katika miji 5 tu, na ada yake ikaja kufika takriban dola 1,300, mbali na nauli na malazi. Uviko-19 ulipousimamisha Machi 2020, mtihani huo wa Marekani haukurudi tena. Ulifutwa Januari 2021, na ule wa Kanada mwaka huohuo. Naamini kilichouponza wa Marekani ni kwamba uliishi mbali na wodi.

Tanzania ina somo zito zaidi. Katika Hospitali ya Haydom, mkoani Manyara, watafiti waliona kuwa kozi ya siku moja ya kumsaidia mtoto mchanga kupumua iliwafanya wahudumu wafanye vizuri mbele ya mdoli, lakini chumba cha kujifungulia hakikubadilika. Badiliko lilikuja walipoanza mazoezi mafupi ya mara kwa mara palepale kazini. Mpango uliokua kutokana na kazi hiyo ulifika hospitali na vituo vya afya 30 katika Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2025 yalionyesha vifo vya watoto karibu na kuzaliwa vimepungua kwa asilimia 18. Wanaoendesha mazoezi hayo ni wakunga na wauguzi wa vituo hivyohivyo, wakiongozwa na takwimu za wodi zao wenyewe.