Mseminari Aliyegeuka Rubani



Kijana anapoacha seminari, mara nyingi hupokelewa kijijini kwa minong'ono, kana kwamba ameiba kitu. Juma hili tumemkumbuka mmoja wa namna hiyo, David Samuel Anthony Lord.

Alizaliwa Oktoba 18, 1913, mjini Cork, Ireland. Baba yake, Samuel, alikuwa askari wa kikosi cha Royal Welch Fusiliers. Mama yake aliitwa Mary. Mtoto mwingine wa kiume wa familia hiyo alifariki angali mchanga. Maisha ya kambi yaliwafikisha India, ambako David alisoma katika shule ya watawa mjini Lucknow. Baba alipostaafu, wakahamia Wrexham, kaskazini mwa Wales.

Baada ya masomo ya Aberystwyth alikwenda Valladolid, Hispania, kusomea upadre katika chuo kilichoanzishwa mwaka 1589, enzi ambazo padre aliyekamatwa Uingereza aliweza kunyongwa. Akatambua kwamba huo haukuwa mwito wake. Akarudi nyumbani, akajaribu uandishi London, na Agosti 1936 akajiunga na Jeshi la Anga kama askari wa kawaida. Mwaka 1939 alihitimu urubani. Alirusha ndege za mizigo India, Afrika ya Kaskazini na Burma. Hiyo ni kazi isiyoimbwa, kwani rubani wa mizigo hana bunduki ya kujibu mashambulizi.

Septemba 19, 1944, aliwapelekea risasi askari waliozingirwa Arnhem, Uholanzi. Mizinga ya Wajerumani iliipiga ndege yake, aina ya Dakota, na injini ya kulia ikawaka moto. Angeweza kuwaamuru wenzake waruke kwa miavuli papo hapo. Badala yake alishuka hadi futi 900, akadondosha mzigo, na alipoambiwa kuwa makasha mawili yamebaki, akazunguka tena katikati ya risasi zile zile. Makasha yalipotoka, akawaamuru waruke, mwenyewe akiishikilia ndege isiyumbe. Bawa likakatika. Kati ya watu wanane alipona mmoja tu, Harry King, msoma ramani.

Nasi tuliposoma habari hii tulisita mahali pamoja. Uwanja aliolenga ulikuwa tayari mikononi mwa Wajerumani. Redio za waliozingirwa zilishindwa kupeleka taarifa. Sehemu kubwa ya shehena ya siku ile iliwafikia adui. Lord hakujua, na sisi hatuoni kwamba jambo hilo linampunguzia chochote.

King alichukuliwa mateka. Aliporudi mwaka 1945 ndipo kisa kikajulikana kwa ukamilifu, na Novemba 13 mwaka huo ikatangazwa nishani ya Victoria Cross, ya pekee kwa kikosi cha usafirishaji wa anga katika vita ile. Mwenyewe alikwisha kulala katika makaburi ya Oosterbeek, akiwa na umri wa miaka 30.