Kamati ya Sheria ya Senedd Cymru na ukaguzi wa sheria ndogo za lugha mbili

Kamati ya Sheria, Haki na Katiba ya Bunge la Wales, Senedd Cymru, ni chombo kidogo chenye kazi nzito. Kila sheria ndogo inayotungwa na mawaziri wa Wales na kuwasilishwa mezani, kamati huisoma yote, kwa Kiwelisi na kwa Kiingereza, kisha hulieleza Bunge kama ina kasoro. Kwa Kiwelisi inaitwa Pwyllgor Deddfwriaeth, Cyfiawnder a'r Cyfansoddiad, jina ililopewa Januari 2020. Kabla ya hapo ilijulikana kama Kamati ya Mambo ya Katiba na Sheria. Katika Bunge la sita, lililochaguliwa mwaka 2021, ilikuwa na wajumbe wanne tu kati ya wabunge 60.

Sheria ndogo si jambo geni kwa msomaji wa Afrika Mashariki. Bunge la Tanzania lina Kamati ya Kudumu ya Sheria Ndogo, na nchini Kenya sheria ya mwaka 2013 inazinyima nguvu kanuni ambazo hazikufikishwa bungeni ndani ya siku saba za vikao. Mfumo ni ule ule uliorithiwa kutoka Westminster, yaani Bunge la Uingereza: Bunge linapitisha sheria mama, sheria mama inampa waziri mamlaka ya kujaza yaliyobaki, na waziri anayajaza kwa kanuni na amri. Ada, tarehe, viwango, fomu, adhabu, nani anahusika na nani hahusiki, yote hayo mara nyingi huwa humo. Mwananchi anaweza kuishi miaka mingi bila kuigusa sheria mama, lakini kanuni anakutana nazo kila akiwasha gari, akifungua mgahawa au akimpeleka mtoto shule.

Mfano unaojulikana kuliko yote Wales ni mwendo wa magari. Tarehe 12 Julai 2022 Senedd ilipiga kura 39 dhidi ya 15 kuidhinisha amri iliyoshusha kikomo cha mwendo katika barabara za mitaani zenye taa, kutoka maili 30 hadi maili 20 kwa saa, yaani kutoka kilomita 48 hivi hadi 32. Hapakuwa na muswada mpya, wala usomaji wa mara ya kwanza na ya pili. Amri ilitungwa chini ya sheria ya usalama barabarani ya mwaka 1984, iliyopitishwa London miaka kumi na mitano kabla Wales haijawa na Bunge lake. Ilipoanza kutumika, 17 Septemba 2023, ndipo wengi walipotambua kilichoamuliwa mwaka mmoja nyuma, na ombi la kuifuta likakusanya saini zaidi ya 460,000 katika nchi yenye watu milioni tatu na kidogo. Mtu anaweza kuipenda amri ile au kuichukia. Kinachohusu makala haya ni kwamba jambo lililogusa kila dereva lilipita katika mlango wa sheria ndogo, na wa kwanza kulikagua mlangoni walikuwa wajumbe wa kamati.

Kazi hii ya ukaguzi ina umri sawa na Bunge lenyewe. Kura ya maoni ya 1997 ya kuunda Bunge hilo ilipita kwa tofauti ndogo sana, asilimia 50.3 ya kura, na chombo kilichoanza kazi Cardiff mwaka 1999 hakikuwa na uwezo wa kutunga sheria mama hata moja. Kilichoweza kutunga ni sheria ndogo tu. Uwezo mkubwa ulikuja polepole: serikali na Bunge zikatenganishwa mwaka 2007 kwa mujibu wa sheria ya 2006, kura ya maoni ya Machi 2011 ikafungua njia ya kutunga sheria kamili, na Mei 2020 jina likabadilika kutoka Baraza la Taifa kuwa Senedd Cymru. Ndiyo maana ufundi wa kuandika sheria kwa lugha mbili, ambao leo Wales inajivunia, haukujengwa juu ya sheria kubwa. Ulijengwa juu ya kanuni za vyakula, mifugo na shule, moja baada ya nyingine, tangu 1999.

Kamati inafuata Kanuni za Kudumu za Senedd, sehemu ya 21, inayoweka mizani mbili. Ya kwanza ni ya kisheria. Je, waziri ana mamlaka ya kutunga kanuni hii? Ametumia mamlaka hayo kwa namna isiyotarajiwa? Kanuni inarudi nyuma kuhukumu yaliyopita bila ruhusa ya sheria mama? Imeandikwa vibaya, au maana yake haieleweki? Imetumia lugha ya jinsia moja? Imechelewa kuchapishwa bila sababu ya msingi? Na hapa ndipo Wales inapojitofautisha: je, maandishi ya Kiwelisi na ya Kiingereza yanapingana, na kama kanuni iko katika lugha moja tu, kwa nini? Mizani ya pili inapima uzito wa jambo lenyewe: kama linatoza fedha, kama lina umuhimu wa kisiasa au kisheria unaostahili kuangaliwa na Bunge zima, kama limepitwa na hali, kama halitafikia lengo lililokusudiwa. Taarifa inatakiwa ndani ya siku 20 tangu kanuni iwasilishwe, bila kuhesabu siku za mapumziko marefu ya Bunge.

Upande wa lugha unahitaji macho makali. Sheria ndogo ya Wales huchapishwa kwa safu mbili, Kiwelisi na Kiingereza zikitazamana katika ukurasa mmoja. Katika kifungu cha tafsiri, kila neno lililofafanuliwa hubeba mwenzake wa lugha ya pili ndani ya mabano, ili msomaji wa Kiingereza ajue kwamba mamlaka ya serikali za mitaa anayoisoma ndiyo awdurdod lleol ya safu ya jirani. Mabano hayo si pambo. Orodha hupangwa kwa alfabeti, na alfabeti ya Kiwelisi ina herufi 29, ambamo ch, dd, ll na th ni herufi zinazojitegemea na ng inakaa baada ya g. Neno lililo juu katika safu moja linaweza kuwa karibu na mwisho katika safu ya pili. Isitoshe, Kiwelisi hubadilisha herufi ya mwanzo ya neno kufuatana na lililotangulia: Cymru, yaani Wales, huwa Gymru baada ya i, Chymru baada ya a, na Nghymru baada ya yng. Anayekagua kwa kulinganisha maumbo ya maneno tu, bila kuijua lugha, atapotea kabla ya kumaliza ukurasa wa kwanza.

Makosa yenyewe mara nyingi ni madogo kwa sura. Safu moja inataja aya ya 3(2), nyingine 3(3). Moja inasema "na", nyingine "au". Moja ina fasili ambayo nyingine imeisahau. Tuseme kanuni inampa mfugaji siku 28 za kukata rufaa katika Kiwelisi na siku 21 katika Kiingereza: aliyesoma Kiwelisi akafika siku ya 25, je, amechelewa? Jibu haliwezi kuwa kwamba Kiingereza ndicho asili. Sheria ya Serikali ya Wales ya 2006, na Sheria ya Utungaji Sheria ya Wales ya 2019 iliyofuata, zinasema maandishi yote mawili yana hadhi sawa kwa kila jambo. Hakuna nakala na hakuna tafsiri. Kuna sheria moja yenye sauti mbili, na mahakama ikikuta sauti hizo zinapingana, italazimika kuzisoma pamoja ili ipate maana. Kwa hiyo kosa lililonaswa kamatini ni kesi iliyookolewa.

Usawa huo ni ushindi uliochukua karne nne na zaidi. Sheria ya mwaka 1536 ya mfalme Henry VIII, iliyoifunga Wales ndani ya ufalme wa Uingereza, ilikifanya Kiingereza kuwa lugha ya mahakama na kumzuia mwenye Kiwelisi pekee asishike wadhifa wa umma. Hata Sheria ya Lugha ya Kiwelisi ya 1967, iliyoonekana hatua kubwa siku zake, iliamua kwamba maandishi mawili yakitofautiana, Kiingereza ndicho kitakachoshinda. Sensa ya 2021 ilihesabu watu 538,300 waliosema wanakizungumza Kiwelisi, asilimia 17.8 ya wenye umri wa miaka mitatu na zaidi. Kwa lugha yenye wasemaji wachache kiasi hicho, kuwa lugha ya sheria inayobana kweli ni jambo kubwa kuliko bango la barabarani. Lakini hadhi hiyo ingebaki maneno matupu kama hakuna mtu anayekaa chini na kuilinganisha mistari.

Kamati hukutana Jumatatu alasiri, na vikao vya hadhara hurushwa moja kwa moja. Kila mjumbe huzungumza lugha aipendayo, na wasiojua Kiwelisi huvaa hedifoni na kusikiliza wakalimani wakigeuza maneno papo kwa papo. Ajenda hugawanywa: kwanza kanuni zisizo na la kusema, ambazo hupita kwa sekunde chache, halafu zile zenye hoja. Hapo mwanasheria wa Senedd hueleza kila hoja, wajumbe huuliza, taarifa hupitishwa na serikali huandikiwa. Majibu ya serikali nayo hurudi kamatini. Mara nyingi serikali hukubali kosa na kuahidi kulisahihisha: kama bado ni rasimu, litarekebishwa kabla ya waziri kutia saini, kama tayari ni sheria, itabidi itungwe nyingine ya kuirekebisha. Mara nyingine serikali hubisha, na ubishi huo ukibaki katika kumbukumbu, wakili au hakimu anaweza kuusoma miaka kumi baadaye.

Kamati haina uwezo wa kufuta chochote. Kura ni ya Bunge zima. Kanuni nzito zaidi haziwi sheria mpaka Senedd iziidhinishe. Nyingine huwa sheria waziri anapotia saini, na Bunge lina siku 40 za kuzibatilisha likitaka. Kwa hizi za pili kuna desturi kwamba zisianze kutumika kabla ya siku 21 kupita tangu ziwasilishwe, na waziri anayeivunja humwandikia Llywydd, yaani Spika, kueleza sababu. Desemba 2012 wabunge walionyesha kwamba muda wa kusoma si jambo la hisani. Serikali ilileta kwa kuchelewa mno mamia ya kurasa za kanuni za nafuu ya kodi ya halmashauri (council tax), jambo lililogusa familia zenye kipato kidogo kote Wales. Upinzani ulikataa kutengua taratibu ili zipigiwe kura siku ile ile, na wabunge wakaitwa tena tarehe 19 Desemba, wakati wa mapumziko ya Krismasi, kuzipitisha. Serikali ililalamika kwamba London nayo ilichelewesha maelezo yake. Hata hivyo waliokataa walikuwa na haki: huwezi kumwomba mbunge aidhinishe asichokisoma.

Janga la korona liliipa kamati mtihani ambao hakuna aliyeutabiri. Kuanzia Machi 2020 mawaziri walitumia sheria ya afya ya jamii ya 1984 kuwafungia watu majumbani kwa kanuni zilizoanza kutumika mara moja, na Bunge kuziidhinisha baadaye, ndani ya siku 28. Masharti yalipitiwa kila baada ya siku 21, na kila mapitio yalizaa marekebisho mapya. Kuanzia 23 Oktoba hadi 9 Novemba 2020 nchi nzima ilifungwa tena. Kamati ilijikuta ikichunguza kanuni ambazo tayari zilikuwa zimeshabadilishwa, na ikawa inarudia swali lile lile: serikali imepimaje haki za binadamu, na maelezo hayo yako wapi kwa maandishi? Kanuni za cheti cha korona kwa wanaoingia kumbi za usiku na mikusanyiko mikubwa zilipita 5 Oktoba 2021 kwa kura 28 dhidi ya 27, huku mbunge mmoja wa upinzani akishindwa kuunganishwa na kikao kwa mtandao. Siku kama ile, taarifa ya kamati huwa ndiyo karatasi pekee isiyo ya chama chochote.

Tatizo ambalo halijaisha ni sheria zinazoingia Wales kwa lugha moja. Kanuni inayopaswa kupitishwa pia na Bunge la Westminster huandikwa kwa Kiingereza pekee, na kila mara kamati huitaja katika taarifa, nayo serikali hujibu kwamba haikuwezekana kufanya vinginevyo. Uingereza ilipojitoa Umoja wa Ulaya hali ilizidi. Mamia ya kanuni za kurekebisha sheria za Ulaya zilitungwa na mawaziri wa London, nyingine zikigusa mambo yaliyogatuliwa kwa Wales kama kilimo na mazingira, kwa ridhaa ya mawaziri wa Cardiff. Kila ridhaa ya namna hiyo huokoa muda na watumishi, lakini huacha kipande cha sheria ya Wales ambacho hakipo kwa Kiwelisi na ambacho Senedd haikukipigia kura. Kamati imelisema hilo tena na tena, na inafanya vyema kutochoka.

Jina la Henry VIII linarudi katika kazi nyingine ya kamati, ya kusoma miswada na kuangalia mamlaka inayowakabidhi mawaziri. Kifungu kinachomruhusu waziri kubadilisha sheria mama kwa kanuni tu huitwa mamlaka ya Henry VIII, kwa kukumbuka sheria ya 1539 iliyoyapa matangazo ya mfalme huyo nguvu ya sheria. Kamati huuliza kwa nini mamlaka hayo yanahitajika, mipaka yake ni ipi, na kama Bunge litapata kura kabla hayajatumika.

Sheria ya mwaka 2024 iliongeza viti vya Senedd kutoka 60 hadi 96 kuanzia uchaguzi wa Mei 2026, katika majimbo 16 yenye wabunge sita kila moja. Waliodai ongezeko hilo walitaja upungufu wa wabunge wa kukagua: ukiwaondoa mawaziri na Spika katika 60, waliobaki walilazimika kukaa katika kamati mbili au tatu kwa wakati mmoja, kila mmoja akiwa na rundo lake la karatasi za kusoma kabla ya Jumatatu.