Chesi: jinsi ya kumkaba mfalme na kumaliza mchezo

Chesi, au sataranji, haihitaji lugha moja. Mkimbizi na mwenyeji wanaweza kukaa kwenye ubao mmoja na kucheza. Lakini wengi wanaoanza wanajua kula kete tu, hawajui kumaliza. Mtu anabaki na malkia, mpinzani ana mfalme peke yake, na bado mchezo unaisha sare. Makala hii inakueleza jinsi ya kumaliza.

Cheki na chekimeti ni tofauti

Cheki ni pale mfalme anaposhambuliwa. Chekimeti ni pale anaposhambuliwa na hana njia ya kujiokoa. Kabla ya kusema umeshinda, jiulize maswali matatu:

- Je, mfalme anaweza kukimbilia mraba ulio salama?
- Je, kete inayomshambulia inaweza kuliwa?
- Je, kuna kete inayoweza kuingia katikati na kumkinga? (Cheki ya farasi haikingiki, kwa sababu farasi huruka.)

Jibu likiwa "hapana" mara tatu, mchezo umekwisha.

Mitindo minne ya kujua kwanza

Miraba husomwa kwa herufi a hadi h na namba 1 hadi 8. Weupe huanzia chini, mistari ya 1 na 2.

1. *Ngazi ya ngome mbili.* Mfalme mweusi yuko e5. Ngome yako moja iko a4, inafunga mstari wa 4. Peleka ya pili b5: cheki. Mfalme anapanda mstari wa 6. Ngome ya a4 inakwenda a6: cheki tena. Endelea hivyo hadi mstari wa 8. Mfalme akiikaribia ngome ili aile, ihamishie upande wa pili wa ubao kwenye mstari uleule.

2. *Mstari wa nyuma.* Mfalme mweusi yuko g8, na askari wake wako f7, g7 na h7. Askari hao wanamlinda, lakini pia wamemfungia. Ngome yako ikiingia e8 na hakuna wa kuila au kuizuia, ni chekimeti. Ili wewe usifanyiwe hivyo, sogeza mapema askari wa h hatua moja, mfalme apate mlango.

3. *Farasi na mfalme aliyebanwa.* Mfalme mweusi yuko h8, ngome yake g8, askari g7 na h7. Farasi wako akitua f7 na hakuna wa kumla, mfalme amebanwa na kete zake mwenyewe.

4. *Chekimeti ya haraka.* Hii huwapata sana wanaoanza. Mweupe anasogeza askari e4, mweusi e5. Askofu mweupe anakwenda c4, farasi mweusi c6. Malkia mweupe anatoka hadi h5. Mweusi akisogeza farasi wa pili f6 bila kufikiri, malkia anakula f7 na mchezo umekwisha. Ukicheza weusi, jibu kwa askari g6. Malkia akirudi f3, sasa ndipo utoe farasi f6.

Usipoteze ushindi kwa sare

Hapa ndipo wengi hulia. Kama ni zamu ya mpinzani, mfalme wake hashambuliwi, na hana hatua yoyote halali, mchezo ni sare, hata kama una malkia.

Mfano: mfalme mweusi yuko h8 peke yake. Mfalme wako yuko g5, malkia wako e7. Ukipeleka malkia f7, unafunga g8, g7 na h7, lakini h8 haishambuliwi. Ni sare. Badala yake sogeza mfalme g6. Mweusi hana pa kwenda ila g8. Kisha malkia g7: chekimeti, kwa kuwa mfalme wako anamlinda malkia.

Kumbuka: malkia peke yake hatoshi, mfalme wako lazima asaidie. Na kabla hujamwachia malkia, hakikisha mpinzani amebaki na hatua moja, au yuko kwenye cheki.

Nianze vipi?

Huna ubao? Chora miraba 64 kwenye katoni, tumia vizibo vya soda vilivyoandikwa herufi. Panga mwisho wa mchezo, siyo mwanzo: fanya mfano wa malkia na mfalme mara kumi, kisha ngazi. Mbadilishane rangi.

Phiona Mutesi alijifunza chesi Katwe, Kampala, chini ya Robert Katende, na mwaka 2010 aliiwakilisha Uganda kwenye Olimpiadi ya Chesi huko Khanty-Mansiysk, Urusi. Katika kambi ya Kakuma, Kenya, Shirikisho la Chesi Duniani (FIDE) na UNHCR walianza mradi wa chesi kwa vijana mwaka 2021.

Mzazi, mpe mtoto wako nafasi, msichana na mvulana. Na wewe unayejua, mfundishe jirani mtindo mmoja leo.