Beseni chini ya kitanda: nani alilipia utafiti wa kutapika?

Ndugu anayemuuguza mgonjwa wa saratani huambiwa mapema na wenzake wa wodini: siku ya dripu, njoo na beseni. Siku hizi si ajabu beseni hilo likarudi nyumbani kavu. Nilianza kujiuliza ni kwa nini mwaka 2025, serikali ya Marekani ilipofuta ruzuku za utafiti wa tiba kwa mamia na kesi zikatinga mahakamani. Katika kelele zile nilisikia habari za chanjo na za dawa za kuua uvimbe. Ya beseni sikuyasikia.

Chanzo cha beseni hilo ni platinamu, madini ya pete. Mwaka 1965 Barnett Rosenberg wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan alieleza jinsi bakteria waliopitishiwa umeme kwa vipande vya platinamu walivyoacha kugawanyika, wakarefuka kama tambi. Hapo ikapatikana cisplatin, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1978. Saratani ya korodani, iliyokuwa ikiwamaliza vijana, ikaanza kupona. Hapa kwetu dawa hiyo hutolewa pamoja na mionzi kwa saratani ya mlango wa kizazi.

Ila ilitapisha. Karibu kila aliyepewa alitapika, na wapo walioikataa dozi iliyofuata wakijua fika maana yake. Fedha zilikuwepo, kwani Rais Nixon alikuwa ametia saini Sheria ya Taifa ya Saratani Desemba 1971, lakini macho yote yalikuwa kwenye uvimbe. Kutapika kulihesabiwa kazi ya muuguzi na mfagizi.

Aliyekugeuza kuwa swali la sayansi ni Dk. Richard Gralla wa hospitali ya Memorial Sloan-Kettering, New York. Makala yake ya mwaka 1981 nimeisoma mara mbili. Dawa yenyewe haikuwa ngeni: metoclopramide, ambayo wengi wetu tunaijua kwa jina la Plasil. Kidonge chake cha kawaida kina miligramu 10. Gralla alipitisha kwenye mshipa miligramu 2 kwa kila kilo ya mwili, akarudia tena na tena; mtu wa kilo 60 alipata 120 kwa mkupuo mmoja. Wagonjwa walikuwa kama 40 tu, wakagawanywa kwa bahati nasibu. Kila tapishi lilihesabiwa na ujazo wake ukapimwa. Hebu fikiria kazi hiyo, usiku, katika wodi ya saratani. Katika kundi lililopata dripu isiyo na dawa, mgonjwa wa katikati alitapika mara 10.5 (nusu hiyo waachie wanatakwimu). Kundi la Plasil, mara 1.

Wafamasia wakakuna vichwa. Plasil ilijulikana kuzuia dopamini, kemikali ya mwilini, lakini dawa nyingine za kuzuia dopamini hazikufua dafu mbele ya cisplatin. Panya hawakuweza kusaidia, maana panya hatapiki. Ikabidi watumiwe feret, wanyama wa jamii ya kicheche, na mwaka 1986 watafiti wa Uingereza wakaonyesha kwamba mchawi ni kemikali nyingine, serotonini. Kampuni ya dawa ya Glaxo, iliyoona biashara, ikaleta ondansetron ya kuizuia, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1991. Hataza yake ya Marekani ilipokwisha mwaka 2006, bei ikashuka.

Tangawizi, kwa upande wake, haina hataza, hivyo si biashara ya kampuni. Ndiyo maana utafiti wa Chuo Kikuu cha Rochester, uliochapishwa mwaka 2012, ulihitaji ruzuku ya serikali. Wagonjwa 576, wote wakiwa tayari kwenye dawa za kisasa, walipewa vidonge vya tangawizi au vitupu. Kichefuchefu cha siku ya kwanza kilipungua kwa waliomeza tangawizi. Shangazi yangu angeuliza kama kweli walihitaji watu 576. Walihitaji: waliokula gramu 1.5 kwa siku hawakuwazidi wa nusu gramu, na hilo kikombe cha chai hakiwezi kukwambia.

Baadaye zikaongezeka dawa nyingine za kuzuia kutapika, aprepitant na olanzapine. Lakini cisplatin huacha pia ganzi miguuni, na hadi leo hakuna dawa iliyothibitika kuizuia. Mtu amepona saratani, anatoka nje asubuhi, na ndala moja imemvuka mguuni hatua kumi nyuma bila yeye kuhisi.